Mnara wa simu, nyaya za umeme na saratani: maswali yenu

Daktari, mnara wa simu uko nyuma ya nyumba yetu. Tutapata saratani?

Hofu yenu naielewa, maana neno "mionzi" linatisha. Lakini mionzi haifanani. Ile ya eksirei inaweza kuharibu vinasaba. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Yakizidi mno hupasha mwili joto, na viwango vya usalama vimewekwa chini kabisa ya hapo. Antena nazo humulika mbele kama tochi, si miguuni pa mnara. Simu iliyobandikwa sikioni hukupa mawimbi mengi kuliko mnara ule, hasa mtandao ukisumbua, kwa sababu hapo simu huongeza nguvu.

Basi simu ndiyo mbaya?

Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 770,000. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha uvimbe wa ubongo kuongezeka kwa watumiaji wa simu. Waliozungumza saa nyingi kila siku walikuwa wachache, ndiyo maana uchunguzi unaendelea.

Mbona WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema husababisha saratani?

Walisema *huenda*. Mwaka 2011 shirika lao la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Kundi hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limo humo.

Na nyaya za msongo mkubwa?

Hapa ndipo penye swali gumu. Mtafiti Nancy Wertheimer alizunguka mitaa ya Denver, Marekani, akikagua nyaya na transfoma karibu na nyumba walimoishi watoto waliokufa kwa saratani. Mwaka 1979, yeye na mwenzake Ed Leeper wakaandika kwamba kuna uhusiano. Mwaka 2000 takwimu za nchi kadhaa zilijumuishwa: kwa watoto wanaoishi penye uga wa sumaku (nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya zenye umeme) wa mikrotesla 0.4, yaani kipimo cha nguvu hiyo, na zaidi, saratani ya damu ilionekana karibu maradufu. Watoto hao hawakufika 1 kati ya 100, na ugonjwa wenyewe ni nadra. Hadi leo hakuna aliyeonyesha jinsi uga huo ungeuleta.

Kinachoua bila ubishi ni waya wenyewe. Msijenge ndani ya mkuza wa umeme, yaani eneo lililoachwa wazi kupitishia nyaya, wala msiangue maembe kwa bomba la chuma chini ya nyaya. Waya ukianguka, mtu asiusogelee. Pigeni simu shirika la umeme.