Vifaa vibovu vya ujenzi: mthamini wa nyumba anawajibika hadi wapi?

Nyumba ikianza kumeguka, swali la kwanza la mwenyewe huwa "nani aliyeipitisha?" Fundi keshaondoka, muuzaji hapokei simu, kiwanda kiko ng'ambo. Jina lililobaki karibu ni la mthamini, maana saini yake iko kwenye ripoti. Hapo ndipo huzuka dhana za kila aina, nyingine za wanunuzi, nyingine (na hizi ndizo mbaya zaidi) za wathamini wenyewe.

"Mthamini alikuja, kwa hiyo nyumba imekaguliwa."

Haijakaguliwa. Mthamini hutumwa kusema nyumba ina thamani gani, na kwa kawaida anayemtuma ni benki inayotaka kujua kama rehani inatosha kulinda mkopo wake. Anapita vyumbani, anapima, anapiga picha, analinganisha na nyumba zilizouzwa karibuni. Hatoboi ukuta wala hapeleki kipande cha zege maabara. Mkaguzi wa majengo ni mtu mwingine, na hulipwa kando. Hata hivyo, "kutazama tu" nako kuna viwango. Kwa mikopo inayodhaminiwa na FHA, shirika la serikali la mikopo ya nyumba nchini Marekani, mthamini hutakiwa kuingiza walau kichwa na mabega kwenye uwazi ulio juu ya dari, kama unafikika.

"Hakutumwa kutafuta kasoro, basi hashtakiki."

Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi. Mthamini hadaiwi kuona kilichofichika, ila haruhusiwi pia kufumba macho. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kesi ya Roberts dhidi ya Hampson, jaji wa Uingereza alieleza mpaka huo vizuri kuliko vitabu vingi: kukiwa na sababu mahususi ya kushuku, na dalili zikaelekea nyuma ya fanicha au chini ya zulia, mthamini lazima achukue hatua za kawaida kuzifuata.

Chukua bodi za jipsamu zilizoagizwa kutoka China na kujaa katika nyumba za Marekani miaka ya 2000, hasa baada ya vimbunga vya 2004 na 2005 kumaliza bidhaa za ndani. Baadhi zilitoa gesi ya salfa. Kwa macho, bodi yenyewe haikuwa na tofauti na nyingine: nyeupe, imepakwa rangi, imenyooka. Dalili zilikuwa pembeni. Mlangoni unapokelewa na harufu ya yai viza. Ukifungua kifuniko cha soketi, waya wa shaba usio na ganda ni mweusi kama umepitishwa kwenye moshi. Koili ya kiyoyozi imekufa kabla ya wakati wake, na iliyowekwa badala yake nayo ikafa. Tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokea malalamiko karibu 4,000. Mthamini aliyepita humo mwaka 2006 na kukosa kuihusisha harufu na ukuta ana utetezi. Aliyepita mwaka 2010, habari zikiwa zimeenea nchi nzima, akanusa na asiandike, atajitetea kwa lipi?

Mara nyingi kinachomnasa ni picha zake mwenyewe. Ripoti inasema "hakuna kasoro iliyoonekana", na kwenye picha ya msingi iliyoambatanishwa kuna ufa unaotoka kwenye kona hadi dirishani. Wakili wa mdai hahitaji shahidi mwingine.

"Ripoti ni ya benki, mnunuzi haimhusu. Na kuna kifungu cha kujivua wajibu."

Hapa jibu hutegemea sheria ya mahali. Uingereza, House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, iliamua mwaka 1989, kwenye kesi ya Smith dhidi ya Eric S. Bush, kwamba mthamini wa nyumba ya kawaida ya kuishi anawajibika kwa mnunuzi pia, kwa sababu anajua fika kwamba ripoti hiyo ndiyo atakayoitegemea na ada yake ndiyo anayoilipa. Sehemu ya chini ya dohani ilikuwa imebomolewa, matofali ya juu yakabaki bila kishikizo. Mthamini hakuangalia kama yamebebwa na chochote. Miezi 18 baadaye yaliporomoka hadi chumba cha kulala. Kifungu cha kujivua wajibu kilikuwepo, lakini majaji walikiona si cha haki. Kwa majengo makubwa na ya biashara waliacha mlango wazi kwa kifungu kama hicho.

Marekani kila jimbo lina lake. Mahakama ya rufaa ya Arizona ilifuata mkondo huohuo mwaka 2009, katika kesi iliyohusu vipimo vya nyumba. Majimbo mengine ni magumu zaidi kwa mnunuzi. Jambo ambalo wathamini wengi husaini bila kulisoma ni kwamba fomu namba 1004 yenyewe, ya ripoti ya uthamini wa nyumba, ileile inayotamka kuwa wao si wataalamu wa mazingira, inakiri pia kwamba mkopaji anaweza kuitegemea ripoti.

"Nikiandika kwamba nimechukulia vifaa ni vizima, nimemaliza."

Kuchukulia hivyo kunaruhusiwa pale usipojua, mradi useme waziwazi na uonye kwamba kikibainika kinyume, thamani itabadilika. Ukishajua kwamba si vizima, hiyo si kinga tena.

"Akishindwa, atalipia ukarabati wote."

Kwa kawaida halipii. Kwenye kesi ya Watts dhidi ya Morrow, Uingereza, 1991, ukarabati uligharimu karibu pauni 34,000, lakini fidia ya nyumba ikawa pauni 15,000: tofauti kati ya bei iliyolipwa na thamani halisi ya nyumba katika hali yake. Aliyeshtakiwa alikuwa mpimaji aliyeikagua nyumba, ila hesabu ndiyo hiyohiyo. Wanunuzi wengi huipata habari hii wakiwa wameshamlipa wakili.

"Kasoro ilikuwemo tangu mwanzo, basi alipaswa kuiona."

Kuwemo ni jambo moja, kuonekana ni jingine. Kaskazini-mashariki mwa jimbo la Connecticut, Marekani, misingi ya maelfu ya nyumba ilimwagwa kwa zege yenye madini ya pairotaiti. Madini haya yakikutana na maji na hewa huvimba polepole, na msingi unaweza kukaa miaka kumi, ishirini, bila alama yoyote. Tiba yake ni kuinyanyua nyumba na kumwaga msingi mpya. Aliyeithamini ikiwa na miaka mitano hakuwa na cha kuona, na mahakama humpima kwa ujuzi wa siku ile. Siku hizi mambo ni tofauti: mthamini wa eneo hilohilo akikuta nyufa zilizosambaa ukutani kama mistari ya ramani, hawezi tena kuziita "nyufa za kawaida". Anapaswa kuziandika, kuzipiga picha na kuiambia benki isubiri majibu ya maabara.