Kitabu cha uchumi wa menejimenti kina kazi gani kwa mwanafunzi wa biashara?

Wanafunzi wengi wa biashara huingia darasa la uchumi wa menejimenti kwa shingo upande. Uhasibu wanaujua, masoko wanayajua, usimamizi wa fedha wanaujua. Majina hayo wanayaona kwenye matangazo ya kazi. Somo hili halina ofisi yake. Hakuna kampuni inayotafuta mtu wa kuchora mistari ya mahitaji na ugavi. Matokeo yake kitabu hupatikana kwa sababu tu kimo kwenye orodha ya mhadhiri, hufunguliwa wiki ya mtihani, kisha huuzwa kwa anayefuata. Mimi hufundisha somo hili, na kila nikiona kitabu kinauzwa mistari yake bado haijapigwa hata alama ya kalamu, roho huniuma.

Aliyelipa somo hili umbo tunalolijua ni Joel Dean, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye pia alikuwa mshauri wa makampuni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1951, na lengo lake lilikuwa kuonyesha jinsi uchambuzi wa kiuchumi unavyoweza kumsaidia meneja kuamua mambo yake ya kila siku: bei, matangazo, gharama, uwekezaji. Vitabu vingi vilivyofuata vimepita njia hiyohiyo. Navyo vinafanya jambo moja ambalo masomo mengine ya biashara hayalifanyi kwa ukali unaotakiwa. Mhasibu anakueleza fedha zilikwenda wapi. Kitabu hiki kinakulazimisha uulize ni zipi kati ya fedha hizo zitabadilika kwa sababu ya uamuzi unaotaka kuufanya leo.

Nitalionyesha kwa hesabu ndogo, maana bila hesabu maneno haya hayana uzito.

Chukua kiwanda chenye uwezo wa kutengeneza vipande 10,000 kwa mwezi. Kwa sasa kinatengeneza na kuuza 8,000, kila kimoja kwa bei ya 60. Gharama zinazobadilika, yaani malighafi, umeme wa mashine na vifungashio, ni 30 kwa kipande. Gharama zisizobadilika, kama pango na mishahara ya ofisini, ni 160,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa vipande 8,000 unapata 20 kwa kila kimoja. Kwa hiyo ripoti inasema gharama kamili ya kipande ni 50, na faida ya mwezi ni 80,000.

Sasa anakuja mnunuzi mgeni. Anataka vipande 2,000 kwa mara moja, na bei yake ni 38.

Karibu darasa zima husema akataliwe. Unauzaje kwa 38 kitu kilichokugharimu 50? Mwanafunzi makini zaidi hukumbuka kwamba vipande vikifika 10,000 gharama zisizobadilika zitagawanyika zaidi, anakokotoa upya na kupata 46. Bado ni juu ya 38. Anakataa kwa kujiamini zaidi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo sura ya gharama inapolipa thamani ya kitabu kizima. Pango litalipwa, mnunuzi akubaliwe asikubaliwe. Kinachoongezeka kwa oda hii ni 30 kwa kipande, na kinachoingia ni 38. Tofauti ya 8 mara 2,000 ni 16,000, na faida ya mwezi inapanda kutoka 80,000 hadi 96,000. Ile 46 ni namba sahihi kabisa kwenye ripoti, ila haihusiki na swali lililo mezani.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu kitabu kizuri hakikuachii uishie hapo. Tuseme uwezo wa kiwanda ni vipande 9,000 tu. Ukimpokea mgeni, itabidi uwanyime wateja wako wa kawaida vipande 1,000, ambavyo kila kimoja kilikuwa kinakuachia 30. Unapata 16,000, unapoteza 30,000. Oda ileile, bei ileile, na sasa ni hasara ya 14,000. Hiyo ndiyo gharama ya fursa: thamani ya kile unachokiacha ili upate hiki. Haiandikwi kwenye risiti yoyote, na ndiyo maana watu hupita juu yake.

Rudi kwenye kiwanda cha 10,000 uongeze jambo moja zaidi. Wateja wa kawaida wakipata habari kwamba kuna aliyeuziwa kwa 38, watakuja kudai punguzo. Wakifanikiwa kupata punguzo la 2 tu kwa kila kipande, 8,000 mara 2 ni 16,000. Faida yote ya ile oda imeyeyuka. Meneja anayejua hili hatabishana kuhusu 50 wala 46. Atauliza: mnunuzi huyu anauza kwenye soko lipi, na je, anaweza kukutana na wateja wangu? Huko ndiko uamuzi wenyewe uliko.

Sura ya gharama zilizokwisha kuzama ni fupi katika vitabu vingi, na sioni haja ya kuirefusha. Fedha ambayo hairudi hata ukiacha mradi haina nafasi katika uamuzi wa kuendelea au kutoendelea. Mfano unaotajwa sana ni ndege ya Concorde, mradi ambao Uingereza na Ufaransa waliuwekea mkataba mwaka 1962. Gharama zilipanda mno, na ndege zilizofanya safari za kibiashara zilikuwa 14 tu, zote za mashirika ya nchi hizo mbili. Wachumi wanalitumia jina la ndege hiyo kwa kosa la kuendelea kutia fedha kwa sababu tu nyingi zimeshatiwa. Kanuni yenyewe inaeleweka kwa dakika mbili. Kuitii ukiwa na bosi aliyeuanzisha mradi ndiyo kazi.

Bei ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, na pia ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Mwaka 1939 wachumi wawili wa Oxford, Hall na Hitch, walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wafanyabiashara. Wengi wa waliohojiwa walisema hawapangi bei kwa kulinganisha mapato ya ziada na gharama ya ziada, yaani yale yanayoletwa na kipande kimoja zaidi, kama nadharia inavyosema. Wanachukua gharama kamili, wanaongeza kiasi cha faida, basi. Tangu hapo kuna wanaosema vitabu vya uchumi vinaeleza biashara isiyokuwepo.

Hebu tuitazame bei ya kiwanda chetu. Gharama kamili ni 50. Ongeza asilimia 20, unapata 60. Meneja hakufikiria unyumbufu wowote wa mahitaji, yaani jinsi mauzo yanavyoitikia bei ikibadilika. Hata hivyo, mwaka 1934 mchumi Abba Lerner alionyesha uhusiano ambao leo umo katika kila kitabu cha fani hii: kwa kampuni inayotafuta faida kubwa kabisa, tofauti kati ya bei na gharama ya ziada, ikigawanywa kwa bei, ni sawa na 1 ikigawanywa kwa unyumbufu. Hapa tofauti ni 30, bei ni 60, jibu ni nusu. Kwa maneno mengine, bei ya 60 ndiyo sahihi iwapo unyumbufu ni 2, yaani bei ikipanda kwa asilimia 1 mauzo yanashuka kwa karibu asilimia 2. Meneja yule ameshaamua wateja wake ni wa namna gani, bila kujua kwamba ameamua. Kama unyumbufu wao ni 4, bei iliyofaa ni 40. Kitabu hakimwambii aache desturi yake ya kuongeza asilimia 20. Kinamwonyesha dhana iliyojificha ndani ya desturi hiyo, ili aipime dhidi ya anayoyaona sokoni.

Jambo jingine la sura hiyo ningependa kila anayeomba punguzo kwa bosi wake alijue. Shusha bei kwa asilimia 10, kutoka 60 hadi 54. Kinachobaki kwa kila kipande kinashuka kutoka 30 hadi 24. Ili faida ibaki palepale, mauzo yanatakiwa yatoke 8,000 yafike 10,000, ongezeko la asilimia 25, na kiwanda kimejaa mpaka mlangoni. Mara nyingi punguzo hupendekezwa bila mtu kukokotoa hilo.

Udhaifu wa vitabu hivi nao upo, na ni mkubwa. Mazoezi mengi huanza kwa kumkabidhi mwanafunzi mlinganyo wa mahitaji ulio tayari, kisha anatafuta bei bora kwa kalikulasi. Kazini hakuna atakayekukabidhi mlinganyo huo. Utapewa faili la mauzo ya miaka kadhaa, lenye misimu, uhaba wa bidhaa na wapinzani walioingia katikati. Mtego wake ni wa zamani. Mwaka 1914 Henry Moore, mchumi wa Marekani, alichukua takwimu za chuma ghafi na kutangaza kwamba amegundua mstari wa mahitaji wa aina mpya, unaopanda: bei ikiongezeka, watu wananunua zaidi. Uchumi ulipokuwa unachangamka, viwanda vilitaka chuma zaidi, na bei ikapanda pamoja na kiasi. Mahitaji yenyewe yalikuwa yanahama, na alichokuwa akikiona kilifanana zaidi na upande wa ugavi. Mchumi mwenzake Philip Wright alilionyesha kosa hilo muda mfupi baadaye. Mwanafunzi anayechukua faili la mauzo leo na kuchora mstari kati ya bei na kiasi anaweza kuangukia shimo lilelile, na programu ya kompyuta haitamzuia. Itamchorea mstari mzuri tu. Kitabu kisicho na sura nzito kuhusu kukadiria mahitaji kimeacha nusu ya kazi.

Kuna sura za mwishoni ambazo muhula mara nyingi huisha kabla hazijafikiwa: mikataba, motisha, taarifa zisizolingana kati ya pande mbili. Ni hasara, kwa sababu hizo ndizo meneja anazozihitaji zaidi kadiri anavyopanda cheo. Mpe muuzaji wa kiwanda kile kamisheni ya asilimia 5 ya mauzo. Akiuza kwa 60 anapata 3. Akimpa mteja punguzo hadi 54 anapata 2.7. Amepoteza asilimia 10 tu ya kamisheni yake na biashara imefungwa haraka. Kampuni, kabla ya kumlipa yeye, imeshuka kutoka 30 hadi 24, asilimia 20. Mlipe badala yake asilimia 10 ya kile kinachobaki baada ya gharama zinazobadilika: kwa bei ya 60 anapata 3 ileile, kwa 54 anapata 2.4. Sasa punguzo linamuuma kwa kiwango kilekile linachoiuma kampuni. Huhitaji kumhubiria kuhusu uaminifu. Sura hiyo inasimama juu ya kazi kama ya mchumi Ronald Coase ya mwaka 1937, aliyeuliza kwa nini makampuni yapo kabisa kama soko linaweza kupanga kila kitu, na ya mchumi George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika, ambapo muuzaji anajua ubovu ambao mnunuzi haujui.

Kuhusu kukisoma: toleo la zamani linatosha, kwa kuwa gharama ya fursa haijabadilika, mifano ya makampuni ndiyo inayochakaa. Usikisome kama riwaya. Soma kurasa chache, funga kitabu, fanya zoezi kwa mkono kwenye karatasi, halafu badilisha namba moja ufanye tena, kama tulivyobadilisha uwezo wa kiwanda kutoka 10,000 hadi 9,000. Kama kalikulasi inakutisha, tengeneza jedwali la bei na faida, bei ikishuka hatua kwa hatua, na utaiona bei bora kwa macho. Mwenye muda mfupi aanze na gharama, aende kwenye unyumbufu, kisha aruke moja kwa moja hadi motisha. Sura za miundo ya masoko na nadharia ya michezo, yaani jinsi washindani wanavyoamua wakikisia hatua za wenzao, atazirudia akishazoea kufikiri kwa kipande cha ziada.