Trela linaloshuka hadi chini: deni la ekseli uliyoiondoa

Kwa rola ya ngoma za chuma, jukwaa la mkasi (lile la kuinulia watu) au mashine ndogo ya kutandaza lami, hatari kubwa ya safari iko kwenye ile mita moja na nusu ya rampu. Chukua jukwaa la mkasi ambalo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yako umbali wa mm 1,900, na tumbo lake limeinuka mm 60 tu kutoka ardhini. Pale rampu inapokutana na sakafu ya trela, mashine hiyo inaweza kuvuka kona ya digrii 7 na kidogo. Ikizidi hapo, tumbo linakaa juu ya kona na magurudumu yanabaki yakizunguka bure. Rampu fupi za kawaida huwa na mwinuko unaozidi digrii 12. Rola nayo haina tairi la mpira la kushika: chuma juu ya chuma chenye unyevu huteleza mapema sana. Tena mashine inapokanyaga mkia wa trela, mkia hushuka na kiungo cha mbele huinuka pamoja na sehemu ya nyuma ya gari linalovuta.

Kuna njia tatu za kuepuka hayo. Ya kwanza ni sakafu inayoinama, rahisi kutengeneza, na kwa kazi nyingi inatosha: sakafu ya mita 4 iliyoinuliwa mm 359 mbele hulala kwa digrii 5 tu. Ya pili ni trela refu la chini lenye shingo inayochomolewa, ambapo pua ya sakafu hulala ardhini na eskaveta hupanda kwa mbele. Hilo ni la tani nyingi na lina hesabu zake. Ya tatu, ninayoieleza hapa, ni sakafu nzima kushuka ikiwa imelala sawa, magurudumu yakibaki pembeni juu ya mikono inayozunguka.

Watu wakisikia hivyo huanza kuuliza habari za silinda na pampu. Kuinua ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu ni kwamba ili sakafu ifike chini lazima uondoe ekseli inayokatiza, na ekseli ile ilikuwa ikifanya kazi tatu kimyakimya: kushikilia magurudumu mawili yasimame wima, kuyaweka sambamba, na kuzuia fremu isijisokote. Kila kinachofuata ni kulipa deni hilo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: uzito wote kilo 4,400, kilo 400 zikikaa kwenye kiungo cha mbele na kilo 4,000 kwenye magurudumu mawili. Kila gurudumu linabeba kilo 2,000, yaani kilonewtoni 19.6. Tairi ni 215/75R17.5, ambalo likiwa na mzigo kitovu chake huwa karibu mm 355 kutoka ardhini. Mkono una mm 450 kutoka egemeo, yaani pale unapozungukia, hadi kitovu cha gurudumu, na egemeo liko mm 150 juu ya tumbo la sakafu. Sakafu ikiwa chini, mkono unaelekea juu kwa digrii 27. Ikiwa juu, mkono unaelekea chini kwa digrii 20 na tumbo linakuwa mm 359 kutoka barabarani. Chora hili kwa vipimo kamili kabla ya kukata chuma chochote. Anayeongeza urefu wa mkono ili apate nafasi zaidi chini anaongeza pia mzigo wa kila bushi (pete ya ndani ya egemeo) na kila silinda.

Sasa fremu. Gurudumu likiwa mm 200 nje ya mhimili wa pembeni, yaani boriti ndefu ya fremu, linausokota mhimili huo kwa karibu kilonewtoni-mita 3.9 hata trela likiwa limesimama. Mhimili wa umbo la U unalegea mara moja chini ya msokoto. Lazima uwe boksi lililofungwa pande zote nne. Dalili ya kukosea hapa haionekani karakana, inaonekana baada ya kilomita elfu chache: vichwa vya magurudumu vinaegemea ndani na tairi linalika ukingo wa ndani. Mafundi wengine hulaumu beringi. Tiba ni boksi kubwa zaidi, mbavu za sakafu zilizolehemiwa kwenye mhimili kwa kina chake chote, na kutega magurudumu yaegemee nje kwa nusu digrii hadi digrii moja trela likiwa tupu, ili yasimame wima likibeba.

Usitegemee chuma cha daraja la juu kukuokoa. S690 ina nguvu karibu mara mbili ya S355 (namba ni megapaskali ambazo chuma huanza kulegea), lakini ukakamavu wao ni uleule, takriban gigapaskali 210. Mhimili mwembamba wa S690 hautavunjika, utanesa. Na mshono wa kulehemu huchoka karibu vilevile kwenye vyuma vyote viwili. Mimi hubaki na S355 na kuongeza kina cha mhimili kwenda juu, kwa kuwa chini hakuna nafasi. Ndiyo maana trela hizi zina kuta za pembeni zinazoonekana kama mapambo. Hizo ndizo zinazobeba.

Sakafu yenyewe inataka kuwa nyembamba, na hapo mbavu ndizo huumia. Chukua ubavu wa paipu ya mstatili 80 × 40 × 4 uliosimama kwa mm 80. Ekseli ya mashine yenye kilo 1,500 ikikaa juu yake, kila gurudumu likiwa nusu mita kutoka mhimili, mkazo unafika karibu megapaskali 207. Barabara yenye mashimo inaweza kuuzidisha mara mbili: 414, na S355 imeshapita kikomo chake. Bati la mm 5 peke yake halisambazi mzigo vya kutosha. Pitisha vipande vya urefu vinavyofunga mbavu pamoja chini ya njia za magurudumu, ili walau mbavu mbili zishirikiane. Na mwisho wa ubavu usilehemiwe kwa kukatiza ukingo wa chini wa mhimili unaovutwa. Nyufa nyingi huanzia hapo hapo.

Mm 80 za ubavu, 5 za bati na 10 za vyuma vya kukanyagia ardhi zinafanya ukingo wa mm 95. Kwa jukwaa letu la mkasi huo ni ukuta. Ulimi wa bawaba wa mm 900 unaushusha kwa digrii 6, na tumbo linapita. Ulimi wa mm 500 unafika karibu digrii 11, kisha unajiuliza ulihangaika na trela linaloshuka kwa faida gani.

Bushi za egemeo ndizo hudharauliwa kuliko kitu chochote kwenye michoro ninayoiona. Kwenye kona kali tairi husukumwa pembeni kwa nguvu inayoweza kufika 0.7 ya uzito linaoubeba, yaani kilonewtoni 13.7, na mkono wa mm 450 unaigeuza kuwa nguvu ya kuling'oa egemeo. Bushi mbili zikiwa mm 80 kutoka moja hadi nyingine, kila moja inapokea karibu kilonewtoni 77. Zikiwa mm 150, zinapokea 41. Ulegevu nao: nusu milimita kwenye nafasi ya mm 150 inageuza gurudumu kwa digrii 0.2, na kwenye mm 80 ni karibu mara mbili yake. Weka nafasi kubwa kadiri mhimili unavyoruhusu, bushi zinazobadilishika, na chuchu ya girisi inayofikika sakafu ikiwa juu na ikiwa chini.

Silinda. Mzigo mzito kwa silinda mara nyingi si katikati ya safari ya kuinua, ni pale mwanzo wake, kwa sababu hapo ndipo fundi huwa amebakiwa na wenzo mfupi, yaani umbali kutoka egemeo hadi mstari wa silinda. Mkono ukiwa digrii 27 juu, gurudumu linadai kilonewtoni-mita 7.85. Kama wenzo wa silinda hapo ni mm 120, nguvu ni kilonewtoni 65. Silinda ya kipenyo cha mm 80 inaimudu kwa bar 130. Ya mm 60 inahitaji bar 231. Ongeza tope linalonyonya sakafu kutoka chini, nalo hunyonya kweli, na ile ya mm 60 haitabanduka. Chagua ya mm 80, na weka vali ya kupunguza shinikizo karibu bar 160.

Silinda mbili zilizounganishwa sambamba hazipandi pamoja. Kilo 2,300 zikiwa kushoto na 1,700 kulia, mafuta yanaenda kwanza kulia kwenye wepesi. Upande huo unapanda hadi mwisho, kisha wa kushoto unaanza, na fremu imejisokota katikati ya zoezi. Suluhisho la kiasili ni bomba la msokoto linalounganisha mikono yote miwili, lakini mahali pake ndipo sakafu inapopita. Deni la ekseli tena. Njia nyingine ni kuziunganisha kwa mfuatano, mafuta yanayotoka upande wa fimbo wa silinda ya kwanza yakiendesha ya pili. Zinakwenda sawa, ila silinda ya kwanza inabeba mizigo yote miwili, na bar 130 zetu zinakuwa 260. Mimi hupendelea kigawanya mafuta cha gia. Kosa lake ni dogo kwa kila safari na hufutika silinda zikifika mwisho, mradi kila tawi lake lina vali yake ya kupunguza shinikizo. Bila vali hizo silinda iliyotangulia humzuia mwenzake.

Kila silinda iwe na vali ya kufunga iliyokazwa moja kwa moja kwenye mlango wake. Ikikaa upande wa pili wa hozi haina maana, kwani hozi ndiyo hupasuka. Na silinda iwe ya kusukumwa pande zote mbili: trela tupu kwenye baridi, mafuta yakiwa mazito, huweza kukataa kushuka kwa uzito wake.

Barabarani mafuta hayabebi kitu. Mkono unafungwa kwa pini. Kwa mtikisiko wa mara tatu ya uzito, pini iliyo mm 250 kutoka egemeo inapokea kilonewtoni 106. Pini ya mm 30 ambayo mzigo hutaka kuikata mahali pawili ina mkazo wa megapaskali 75 tu, kwa hiyo pini si tatizo. Tatizo ni tundu: bati mbili za mm 12 zinasukumwa kwa megapaskali 147, tena na tena, hadi tundu linakuwa yai. Weka pete ngumu za kubadilisha ndani ya tundu. Utaratibu ni huu: inua hadi mwisho, ingiza pini, kisha shusha kidogo hadi uzito ukalie pini na geji ya shinikizo isome karibu sifuri. Geji isiposhuka, pini haijabeba. Upande wa pini uwe na alama nyekundu inayoonekana kutoka kiti cha dereva.

Kwa kuwa mkono umefungwa kabisa, springi lazima iwe mahali pengine. Kijiti cha ekseli (ekseli fupi ya gurudumu moja) chenye mpira wa msokoto, kilichofungwa mwisho wa mkono, kinatosha kwa uzito huu.

Mbele, sakafu inatakiwa ishuke huku kiungo cha kuvutia kikibaki kwenye kimo chake. Ama uweke nguzo mbili zenye reli na silinda moja katikati, ama mkono wa kuvutia wenye viungo sambamba. Nguzo ni nzito zaidi lakini kiungo hakipindi. Ukichagua mkono wa kuvutia, hakikisha pembe ya mwisho haizidi ile iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa kiungo.

Umeme huwa unasahaulika hadi siku ya majaribio. Safari nzima ya kuinua inahitaji kama lita 2.7 za mafuta, pamoja na silinda ya mbele. Pampu ya lita 4 kwa dakika inamaliza kwa sekunde 40, lakini kwa bar 130 na ufanisi wa asilimia 60 inavuta karibu ampea 120 kwenye volti 12. Kwenye waya wa mm² 16, mita 6 kwenda na 6 kurudi, unapoteza volti 1.6, kwenye mm² 35 ni 0.7. Afadhali betri ikae kwenye trela karibu na pampu, na waya mwembamba kutoka garini uichaji tu.

Jambo la mwisho ni breki. Mkono unapozunguka, gurudumu halipandi wima. Linatembea mbele kisha nyuma, hadi mm 49 katika jiometri yetu, na linazunguka kidogo pamoja na mkono kwa sababu breki imefungwa humo. Breki za trela zikikazwa wakati wa kushuka huku gari linalovuta nalo limekazwa, kitu kitaburuzwa: tairi, pini au kiungo. Kaza breki za gari, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya gari, achia breki za trela, shusha, kisha zikaze tena sakafu ikishagusa ardhi. Vitufe viwe vya kushikilia, ukiachia kinasimama, na vikae mahali ambapo mtu anaona pande zote mbili na miguu yake iko mbali na ukingo. Kabla ya mzigo wa kwanza shusha na kuinua mara 20 tupu, kisha mara 20 ukiwa na uzito kamili uliosogezwa makusudi upande mmoja, na upime kwa utepe pembe nne za sakafu kila baada ya mara tano. Tofauti ikikua kati ya kipimo na kipimo, angalia kigawanya mafuta kwanza, halafu bushi.