Mtu wa Puto: Tunayodhani na Yalivyo Kweli

Puto la duara halimsumbui mbunifu yeyote. La moyo pia lina wepesi wake. Kazi inaanza pale unapotaka puto lenye umbo la mtu, kwa sababu mtu ana shingo, makwapa, mapaja na vidole, na kila kimoja ni mahali ambapo hewa hukataa kufuata kalamu. Nimetengeneza sampuli nyingi za watu hawa mezani kwangu, kwa karatasi za nailoni na pasi ya nguo, huku karatasi ya kuokea ikizuia nailoni isigande kwenye pasi. Makosa yangu karibu yote yalitokana na dhana hizi.

Dhana: Ukimchora mtu vizuri kwenye karatasi, akijazwa atatoka vilevile.

Hii ndiyo inayowaangusha wengi. Puto la foili, yaani la nailoni inayong'aa, ni tabaka mbili bapa zilizounganishwa kingoni kwa joto. Chukua mkono uliochorwa kwa upana wa sentimita 10. Ukijaa, unakuwa bomba ambalo mzunguko wake ni sentimita 20, yaani 10 za mbele na 10 za nyuma. Bomba la mzunguko huo lina unene wa sentimita 6.4 tu. Zaidi ya theluthi ya upana uliouchora imepotea.

Lingekuwa jambo dogo kama mwili wote ungepungua kwa kiasi kimoja. Haupungui hivyo. Kichwa cha duara la sentimita 30 kikijaa kinabaki na takriban 23, yaani kimepoteza robo hivi. Mikono na miguu imekonda kuliko kichwa, na yule uliyemchora akiwa amejengeka vizuri sasa anaonekana kama mtoto mwenye utapiamlo. Mimi huanza na unene ninaoutaka: wa mkono au mguu naugawa kwa 0.64, wa kichwa naugawa kwa 0.76, ndipo nachora. Mchoro wenyewe huonekana wa ajabu, mikono minene kama magogo. Usiogope. Mtu halisi atatokea hewa ikiingia.

Kuna na suala la kingo. Puto linapojaa, kingo zote huvutwa ndani. Mahali palipobinuka kwenda nje, kama utosi au bega, nailoni inazidi na kujikunja vikunyanzi. Mahali palipobonyea kwenda ndani, kama kwapa na katikati ya miguu, nailoni inapungua na kuvutika. Hapo ndipo mshono huachia. Ukichora kwapa lenye pembe kali, umechora mahali pa kupasukia. Lizungushe kwa tao pana. Utaona kwamba mtu wa puto aliyebuniwa vizuri husimama akiwa ametanua mikono na miguu, hata kama hachezi wala hashangilii. Mkao huo ndio unaoyapa makwapa nafasi.

Dhana: Mpira hunyumbulika, kwa hiyo puto la mpira litafuata umbo lolote.

Jaribu glavu ya hospitali. Ina umbo la mkono wa mtu kabisa, lakini ukiipuliza, kiganja kinavimba kama kibuyu na vidole vinabaki vifupi na vigumu, kama chuchu za kiwele. Presha ndani ni moja kila mahali, lakini nguvu inayovuta ngozi ya mpira huongezeka kadiri sehemu inavyokuwa pana. Kiganja kwa kuwa ni kipana huvutwa zaidi, kikivutwa hupanuka na kuwa chembamba, na kikipanuka huvutwa zaidi tena. Vidole vinaachwa nyuma. Mtu wa mpira naye ni hivyohivyo: tumbo litakula hewa yote na mikono itaning'inia.

Neil Tillotson, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira huko Massachusetts, mwaka 1931 alikata kadibodi kwa umbo la kichwa cha paka, akaichovya kwenye utomvu wa mpira, akapata puto lenye masikio mawili. Alichagua vizuri. Masikio ya paka ni mafupi na mapana shinani, kwa hiyo hujaa pamoja na kichwa. Angeanza na mtu mwenye viganja na vidole, sidhani kama angelifika mbali. Mpaka leo maputo ya mpira hutengenezwa kwa njia hiyo ya kuchovya kalibu kwenye utomvu, na mbunifu ana mambo machache tu ya kuchezea: umbo la kalibu, unene wa mpira, na wino. Ushauri wangu kwa mpira ni huu: tengeneza kichwa na kiwiliwili, miguu iwe vifundo vifupi, na mikono ichapwe kwenye tumbo.

Dhana: Heliamu itamwinua mtu yeyote ilimradi umjaze.

Lita moja ya heliamu usawa wa bahari huinua takriban gramu 1, basi. Ule mkono wetu, ukiwa na urefu wa sentimita 30, unaingiza hewa pungufu kidogo ya lita moja, kwa hiyo unaweza kuinua gramu 1. Ngozi yake, kwa nailoni yenye uzito wa gramu 30 kwa mita ya mraba, ni gramu 1.8. Mkono huo ni mzigo. Kichwa cha duara la sentimita 30 kinajiinua chenyewe kwa shida. Duara la sentimita 45 ndilo linaloanza kukupa faida: linainua gramu 14 hivi na ngozi yake ina gramu 9.5.

Ndiyo sababu watu wengi wa heliamu wana kichwa au mwili wa duara kubwa na miguu ya karatasi iliyokunjwakunjwa kama kodiani. Wengine huona ni ubahili wa kiwanda. Mimi naona ni ubunifu wa hali ya juu, kwa sababu karatasi hiyo ina uzito mdogo, inachezacheza mtoto akivuta kamba, na kwa kuning'inia chini inamweka mtu wima. Wale majitu wa gwaride la duka la Macy's mjini New York, ambalo maputo yake yalianza mwaka 1927 kwa kazi ya Tony Sarg, fundi wa vikaragosi, wanaruka na mikono yao yote kwa sababu ukubwa ukizidi, ujazo huongezeka haraka kuliko ngozi. Kichezeo cha mtoto hakina bahati hiyo.

Anayebuni Dar es Salaam na kuuza Nairobi akumbuke mwinuko. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi. Puto la foili hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu ya kuinua. Mtu anayeelea vizuri Kariakoo anaweza kukaa sakafuni Westlands.

Dhana: Puto lazima lizibwe kabisa.

La mtoto, ndiyo. Lakini yule mtu mrefu wa kitambaa anayejipinda mbele ya maduka anaishi kwa kuvuja. Feni inasukuma hewa kutoka chini, hewa inatokea juu, mwili unajikunja, presha inajijenga tena, anainuka. Wengi humdhania ni mtoto wa wauza magari wa Marekani. Alizaliwa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, katika fikra za Peter Minshall, msanii wa kanivali wa Trinidad, akishirikiana na Doron Gazit kutoka Israeli. Ukimtazama ukijua hivyo, unaiona kanivali.

Dhana: Ni puto tu, haliwezi kumdhuru mtoto.

Hapa naomba tusikilizane. Kipande cha puto la mpira lililopasuka kikivutwa kooni hulala na kufunika njia ya hewa kama kifuniko, na ni vigumu kukitoa. Sheria ya Marekani ya 1994 inataka onyo kwamba watoto wa chini ya miaka 8 wanaweza kukabwa na puto lisilojazwa au lililopasuka, na Ulaya nao wanaweka umri huohuo. Mtu wa puto ana hatari ya ziada: mikono na miguu yake ina ukubwa unaotosha mdomoni, na sura yake inamwita mtoto ambusu na amng'ate. Kwa hiyo sibandiki macho wala vifungo. Uso wote nauchapa. Kwa wadogo natumia foili, na kamba naiweka fupi. Haidrojeni siijazi hata kama heliamu imepanda bei, kwa sababu inawaka, na keki ya sherehe ina mishumaa. Onyo la umri naliandika mbele ya pakiti kwa Kiswahili, karibu na uso wa mtu mwenyewe, mahali ambapo bibi anayemnunulia mjukuu atalisoma kabla hajatoa hela.