Kurudi Darasani Ukiwa Bado na Zamu Wodini

Nafundisha uuguzi na ukunga hapa Dar es Salaam, na kila mwaka darasani kwangu huingia watu wa aina mbili. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu. Na wapo watu wazima ambao wamekwisha kupokea watoto wengi kwa mikono yao, wanaotoka hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala, zahanati za pembezoni na hospitali binafsi. Nawaandikia hawa wa pili, pamoja na wale wanaotamani kuja lakini wanahofu kwamba umri umewatupa mkono. Wauguzi wenzangu, umri si tatizo kubwa. Ninachokiona kikiwaangusha watu wazima ni mambo ambayo yaliamuliwa, au yaliachwa bila kuamuliwa, kabla ya siku ya kwanza ya masomo.

Anzeni na cheti cha kidato cha nne. Wengi hudhani ukishapata stashahada, kile cha sekondari kimeisha kazi. Hakiishi. Kuingia ngazi ya cheti au stashahada ya uuguzi unatakiwa uwe na ufaulu wa angalau D nne bila kuhesabu masomo ya dini, na kati ya hizo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Miaka mingi baadaye, ukiomba chuo kikuu kwa stashahada yako, wataangalia GPA, yaani wastani wa alama zako, ambayo kwa kawaida huanzia 3.0, watataka namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, kisha watarudi palepale kwenye matokeo ya kidato cha nne. Kwa hiyo mhudumu wa afya mwenye F ya Fizikia, safari yake haianzii chuoni. Inaanzia kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo hilo katika mtihani wa NECTA wa Novemba. Ni mwaka mmoja, na hauna njia ya mkato. Anayekuambia ipo, anataka pesa yako.

Angalieni na majina. Dada zangu walioolewa wakaanza kutumia jina la mume kazini, hakikisheni cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na leseni ya uuguzi vinasema jina moja, au muwe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Nimeona mtu mwenye alama nzuri kabisa akikwama kwa herufi moja.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi: kozi gani. Muuguzi amechoka, anatafuta masomo ya jioni karibu na kwake, anakuta shahada ya maendeleo ya jamii au ya utawala, anajiunga. Anasoma kwa jasho, anahitimu, familia inafurahi. Akirudi kazini na cheti anaambiwa kada yake, yaani fani aliyoajiriwa nayo, ni uuguzi, na ile shahada haimpandishi kwenye muundo wa kada hiyo, yaani ngazi zake za kupanda cheo. Simlaumu, na elimu yoyote ni mali. Lakini kama lengo ni kupanda ndani ya afya, kwanza nenda ofisi ya utumishi ukaombe kusoma muundo wa kada yako, uone ngazi inayofuata inadai nini. Kwa muuguzi wa cheti, aliyesoma miaka miwili hadi ngazi ya 5 ya NTA, mfumo wa taifa wa tuzo za vyuo vya kati, hatua ya karibu ni stashahada, yaani ngazi ya 6. Mwenye stashahada anaweza kulenga shahada ya uuguzi. Vyuo vikuu vya MUHAS (Muhimbili) na Hubert Kairuki vinaifundisha, na Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Dar kimekuwa na programu iliyopangwa kwa ajili ya wauguzi wenye stashahada ambao bado wako kazini. Chuo chochote utakachochagua, hakikisha kinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au NACTVET, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linawasajili wahitimu wake.

Kwa mwajiri wa serikali, ruhusa inatangulia masomo. Aliyepata kibali yuko masomoni. Aliyeondoka bila kibali ni mtoro kazini, hata kama ada kalipa mwenyewe na kila siku yuko maktaba. Hospitali binafsi ni makubaliano. Likizo yako ya mwaka ni siku 28, na wengi huzihifadhi kwa ajili ya mitihani. Ongea na matroni mapema, na ongea kwa kuonyesha ratiba ya chuo ya muhula mzima, ili rosta ipangwe bila wenzako kuumia. Makubaliano ya mdomo na inchaji (msimamizi wa wodi) mmoja hufa siku inchaji anapohamishwa, kwa hiyo yaandikwe.

Fedha sitaongea sana. Tafuteni ada ya muhula wa kwanza na wa pili kabla ya kuanza, kwa kibubu, Vicoba au SACCOS ya kazini. Msiingie darasani kwa mkopo wa kausha damu. Mtu anayedaiwa kila wiki hawezi kusoma anatomia.

Sasa darasani kwenyewe. Watu wazima hufika wakiamini kwamba vijana wanawazidi kichwa. Kwa kukariri, huenda. Lakini nawaomba mtazame mnachokijua tayari. Chukulieni magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Mkunga aliyekaa leba anaijua dawa hii kwa mikono: gramu 4 taratibu kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Na kabla ya kila dozi inayofuata, hata kama ni saa tisa usiku na miguu inamuuma, atagonga goti aone kama mguu unaruka, atahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, atatazama mfuko wa mkojo kama unapata angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti iko kwenye trei, tayari.

Nikiuliza kwa nini, wengi hunijibu kwamba ndivyo mwongozo unavyosema. Hapo ndipo somo linapoanza. Magnesiamu inashindana na kalsiamu pale neva inapokutana na msuli, na bila kalsiamu ya kutosha neva haitoi asetilikolini, kemikali ya kuuamsha msuli. Ikizidi mwilini, goti hunyamaza kwanza, misuli ya kupumua hufuata. Ndiyo maana unagonga goti: linakuonya mapema. Figo ndizo zinazoitoa dawa hii, kwa hiyo mkojo ukipungua inajikusanya. Na kalsiamu inaokoa kwa sababu inarudi kugombea nafasi yake. Fiziolojia ya neva, ya misuli na ya figo, zote zimo ndani ya kazi uliyoifanya kwa miaka. Kijana asiyewahi kuingia leba anakariri kurasa tatu. Wewe unakumbuka mgonjwa.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi wangu walio kazini zoezi hili: kila zamu, chagua jambo moja ulilofanya, uandike kwenye daftari, bila jina la mgonjwa, sababu zake tatu. Usipozijua, hilo ndilo la kusoma kesho yake. Na liandike kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza, na watu wazima wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) kwangu jibu wanalijua. Kinachowashinda ni kuliandika kwa muda uliopo.

Ukitoka zamu ya usiku usifungue kitabu. Lala kwanza. Ubongo hukaza kumbukumbu usingizini, na saa mbili za kusoma ukiwa unasinzia hazibaki. Ukiwa kwenye daladala kutoka Mbagala au mwendokasi kutoka Kimara, funga daftari ujiulize maswali. Kujiuliza na kujikosoa kunabakiza zaidi kuliko kusoma ukurasa uleule mara tano.

Ukishafaulu bado kuna kazi ya karatasi. Peleka vyeti Baraza la Uuguzi na Ukunga ili usajili na leseni vilingane na elimu mpya, kisha mwandikie mwajiri kuomba kubadilishiwa kada. Serikalini, mabadiliko hayo yanahitaji nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha kwenye bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Mahitaji hukusanywa miezi mingi kabla. Hivyo barua ya kuwaarifu utumishi kwamba unakaribia kuhitimu iandike ukiwa bado mwaka wa mwisho, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.