Je, wajua kwa nini reli za Uingereza zilitegwa fataki wakati wa ukungu?

Waliokulia kando ya reli wanaujua mchezo wa kupanga misumari na vizibo vya soda juu ya chuma, treni ipite ivilaze bapa. Enzi za treni za makaa, watoto wa Uingereza wenye utundu huohuo waliweza kuokota kitu kibaya zaidi: kikopo cha bati mfano wa kile kidogo cha dawa ya viatu, chenye vipande viwili vya madini laini ya risasi vilivyochomoza ubavuni kama masikio. Ndani mna baruti, na vifataki vinavyowaka vikigongwa. Ukikipiga jiwe, mtaa mzima unashtuka.

Hakikudondoshwa na mwanajeshi. Ni chombo cha kuokoa maisha, kilichobuniwa mwaka 1841 na mhandisi Edward Alfred Cowper. Majira ya baridi ukungu ulishuka, ukachanganyika na moshi wa makaa, na dereva hakuiona ishara mpaka awe ameshaipita. Kengele kando ya njia isingefaa kitu, kwa jinsi injini ya mvuke inavyonguruma. Sauti ilipaswa kutoka palepale chini ya gurudumu, na iwe kubwa kuliko injini yenyewe.

Ndipo akawekwa mtu. Ukungu ukitanda, fundi wa reli aliitwa kutoka nyumbani, hata usiku wa manane, akasimame chini ya ishara na taa yake na jiko la makaa la kuotea moto. Ishara ikionyesha tahadhari, alikalisha fataki juu ya reli na kuyakunja yale masikio ya risasi yaishike. Ikiruhusu treni, aliibandua na kuonyesha taa ya kijani. Saa baada ya saa, vidole vimekufa ganzi. Namheshimu sana mtu huyo, maana abiria waliolala ndani ya mabehewa hawakuwahi hata kumwona.

Kuanzia mwaka 1906 kampuni ya Great Western ilianza kufunga mtambo uliompigia dereva kengele mlemle ndani ya injini, na taratibu kazi ya kusimama kwenye ukungu ikapungua.

Sasa, kwa nini fataki isiyomdhuru dereva imtoe mtoto jicho? Dereva yuko juu, na kati yake na mlipuko kuna tani za chuma. Baruti ikilipuka, bati linapasuka na vipande vyake vyenye makali vinarushwa pembeni. Mtoto aliyechuchumaa na jiwe mkononi yuko pembeni hasa, uso wake shibiri mbili tatu kutoka kwenye kikopo. Mafundi wenyewe, wakishaitega, walisogea mbali kabla treni haijafika.