Kolesteroli ya damu siyo inayovika neva ya jicho
Wapo wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva, wanaoogopa dawa za kushusha kolesteroli, wakidhani kwamba, kwa kuwa utando wa mafuta unaofunika neva ya jicho umejaa kolesteroli, kuipunguza katika damu ni kuubambua utando huo. Hoja hiyo huanza na ukweli, kisha ikapotea njia. Neva ya jicho ni sehemu ya mfumo wa ubongo, na ubongo hujitengenezea kolesteroli yake wenyewe, kwani ile ya damu kwa kawaida haivuki kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo. Kinachoubambua utando, hata rangi nyekundu ikaonekana imefifia na jicho likauma kila linapogeuzwa, ni shambulio linalofanywa na kinga ya mwili yenyewe. Tena, kolesteroli mbaya ikizidi katika damu huharibu mishipa ya damu, ikiwamo inayolisha jicho.